Radi Niliyoisingizia

Mwanangu Eliza,

Salamu za kuuliza hali yako nitaziruka, maana hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukimaliza uji wote, ukaondoka kwenda Mgwashi kumuaga shangazi yako huku ukinung'unika kwamba atakufungia magimbi yasiyoingia kwenye begi. Utarudi nayo jioni, nakwambia. Naandika mchana huu kwa sababu ukiwa mbele yangu nitakupikia, nitakukunjia nguo, nitafanya kila kitu isipokuwa kusema hili. Barua nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa begi, ule wenye zipu mbovu, na utaikuta ukishafika Dar es Salaam.

Habari za ule nini, ulale saa ngapi, uongee na nani, sitaziandika. Una miaka ishirini na mitatu na ugali wako unashinda wangu. Nina jambo moja tu, na linanihusu mimi kabla halijakuhusu wewe.

Jumanne, ulipokuwa ukizungumza kwa video na wale watu wa kampuni, nilikuwa jikoni nachambua maharage, na ukuta wa nyumba yetu unaujua. Nilimsikia yule bwana akikuuliza kwa nini kazi ya majaribio uliyowatumia imekatika mwishoni. Walikuwa wamekupa faili kubwa la orodha ya dawa za zahanati, uandike programu ya kuligeuza likae katika mpangilio wa mfumo wao. Wewe ukawarudishia faili lililoishia katikati ya neno, na zahanati tisa za mwisho hazikuwamo. Nikakusikia ukimjibu, "Samahani sana. Huku milimani mtandao unasumbua, nadhani ulikatika wakati natuma." Akacheka. Akasema, "Kumbe huko milimani bado mko gizani. Haya, ukija mjini utazoea." Nawe ukacheka pamoja naye, na kazi ukapewa.

Ukaja jikoni umefurahi, ukanikumbatia kwa nyuma, ukasema, "Mama, nimeponea kwa radi yako."

Nilicheka. Kisha nikagundua kwamba maharage niliyokwisha kuyachambua nimeyarudishia mawe yake yote, nikaanza upya. Tangu Jumanne sijalala vizuri, Eliza, na mimi si mtu wa kukosa usingizi. Nina hasira. Hasira yenyewe sijui nimwelekezee nani, maana kila nikimtafuta mwenye makosa najikuta mimi.

Radi yangu unaijua. Kila mtu hapa kijijini anaijua. Ndiyo iliyopiga wiki mbili kabla ya Pasaka, ikaingia kwenye waya, ikafuta nyimbo za babu yako zilizokuwa kwenye kompyuta yangu. Ulikuwa darasa la saba. Umekua ukisimuliwa, na shuleni uliiandikia insha ukapata alama nzuri.

Haikupiga. Hakuna radi iliyogusa kompyuta yangu, wakati ule wala wakati mwingine. Nyimbo za baba yangu nilizifuta mimi, kwa mstari mmoja wa programu niliouandika kwa mkono wangu.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa, na nitaieleza polepole kuliko unavyohitaji, kwa sababu kabla ya kuitia barua hii kwenye begi nitamsomea baba yako. Yeye pia ameishi na radi hiyo miaka yote, na kompyuta anaijua kwa kuifuta vumbi.

Babu yako, Mwalimu Hoza, aliongoza kwaya ya usharika wetu tangu mimi sijazaliwa. Alitunga nyimbo sitini na nne. Aliziandika kwa do-re-mi, ile solfa tunayosoma wote, kwenye madaftari ya shule, na alikuwa na sheria yake ambayo hata mchungaji hakuweza kuivunja: kila sauti na daftari lake. Sauti ya kwanza walikuwa na lao, sisi wa pili na letu, wa tatu na lao, besi na lao. Hapakuwa na daftari hata moja lenye sauti zote nne. Alikuwa akisema, "Ukisoma ya jirani utaimba ya jirani." Kwa hiyo wimbo mzima ulikuwa mahali pawili tu, kichwani mwake na kanisani Jumapili.

Alipoanza kuugua nikaogopa kile kichwa. Wakati ule nilikuwa karani katika ofisi ya shule moja pale Lushoto mjini, na kompyuta nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwanza kuchapa barua, kisha kuandika programu, kwa vitabu vya kuazima na mtandao wa kusuasua. Kila Jumamosi nilikaa kando ya kitanda chake na kompyuta mapajani, naye akinisomea sauti moja moja. Miaka mitatu. Akikohoa nasubiri. Akisinzia katikati ya besi, nasubiri. Nilitumia ile programu ya kuandikia muziki, na yenyewe huhifadhi wimbo katika XML, maana yake maandishi ya kawaida ambamo kila kitu kimewekwa kati ya alama ya kufungua na alama ya kufunga, kila noti ndani ya chumba chake kama yai kwenye trei. Nyimbo zote sitini na nne nikaziweka katika faili moja. Nilijiona mjanja.

Alipofariki, siku ya kuanua matanga, ukoo ukagawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Koti kwa huyu, jembe kwa yule. Baba mkubwa akauliza, "Na haya madaftari?" Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Gawaneni tu. Mimi ninazo zote kwenye kompyuta." Nilisema kwa majivuno, mwanangu. Hata sasa nikikumbuka ile sauti yangu natamani kujizaba kofi. Ya sauti ya kwanza yakawekwa kwenye kabati la kanisa, ya pili nikabaki nayo mimi, ya besi akachukua Mzee Kupaza, na ya tatu akapewa Yeremia, ambaye mwezi uleule alifunga virago kwenda Bulwa kuchuma chai.

Zikabaki wiki mbili kufika Pasaka. Ile programu yangu ya muziki iliandika noti za mistari, ambazo huku hazisomwi na mtu. Nilitaka nizigeuze ziwe do-re-mi, nichape, kila mwanakwaya apate karatasi yake yenye sauti zote nne, tumshangaze marehemu huko aliko. Nikaandika programu. Ilikuwa fupi. Mkondo wa kuingiza, yaani njia ya kupitisha maandishi, unaosoma faili, mkondo wa kutoa unaoandika, na katikati kanuni za kugeuza, noti hii iwe hivi, ile iwe vile. Mpaka hapo sikuwa na kosa.

Kosa lilitoka jikoni kwa mama yangu. Bibi yako alitulea katika nyumba ambayo sufuria iliyopika maharage ikisuguliwa inapika chai, na mtu aliyechafua vyombo viwili kwa kazi ya chombo kimoja alisemwa wiki nzima. Nikajiambia, mafaili mawili ya nini? Lisomwe lile, na majibu yaandikwe humohumo. Nikaupa mkondo wa kutoa jina lilelile la faili la nyimbo.

Wewe unaposoma hapa umeshafumba macho, najua. Baba yako hajui bado, kwa hiyo nieleze. Kulifungua faili ili uliandike si sawa na kufungua daftari kwenye ukurasa mtupu. Kompyuta hulipangusa lote kwanza, ndipo ikakaa kungoja utakachoandika. Nami niliufungua mkondo wa kutoa mapema, kabla ule wa kuingiza haujasoma hata herufi moja. Ulipoanza kusoma haukukuta kitu. Kwenye skrini pakatokea maneno ya Kiingereza kwamba faili limeisha kabla ya wakati wake. Nikaangalia ukubwa wa faili. Sufuri. Kompyuta haikuwa na kosa lolote, ilinitii neno kwa neno.

Nilikuwa na flashi, ndiyo, na ndani yake nyimbo kumi na tisa za mwanzo. Nyingine arobaini na tano, na Jumamosi zote zile, zilikwisha kwa muda ambao hata kope haijapepesa.

Mvua ilikuwa inanyesha na ngurumo zilikuwa zinatembea upande wa Mlalo. Umeme ulikuwapo wakati wote. Sikulia. Nilikaa nikiitazama ile sufuri, na kichwani nikaanza kutafuta mtu wa kumtupia.

Kesho yake Mzee Kupaza akapita kudai karatasi zake. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Karatasi ziko tayari?" Nikasema, "Radi, baba. Jana imeingia kwenye waya. Imefuta zote." Akavua kofia. Yule mzee alivua kofia mbele ya kompyuta yangu kama yuko msibani, akasema, "Pole sana. Hii milima yetu ina mambo." Nami nikaipokea pole yake kwa mikono miwili.

Ungekuwa uongo wa kuishia pale, labda ningekwenda nao kaburini na nisingekuandikia. Lakini uongo wangu ulipata miguu. Miaka miwili baadaye, watu wa mjini waliosoma na mchungaji walitaka kuupa usharika kompyuta sita kwa ajili ya chumba cha vijana. Jambo likaletwa kwenye baraza la wazee, na mimi nilikuwamo, nikiandika muhtasari. Mzee mmoja akasema, "Kompyuta na radi za huku haziwezani. Muulizeni mama Eliza." Vichwa vyote vikanigeukia. Ningeweza kusema wakati ule. Sentensi moja tu ingetosha. Nikainamisha kichwa nikaendelea kuandika, na nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba baraza limekataa. Zile kompyuta zikaenda usharika mwingine bondeni. Vijana wa umri wako hapa kijijini, wale uliosoma nao, wewe peke yako ndiye uliyejifunza kuandika programu, na ulijifunza kwa kuwa mashine ilikuwa nyumbani kwako. Watu husema Eliza ana kichwa. Kichwa unacho. Lakini na wenzako walikuwa navyo, na mimi niliwafungia mlango kwa radi ya kubuni.

Hiyo ndiyo radi uliyoponea Jumanne.

Unajua kilichonichoma zaidi? Sikuchomwa na kosa lako. Kosa lako dogo, na nimeona kwenye kompyuta kwamba ulilisahihisha siku ileile. Programu haimwagi kila herufi kwenye faili papo hapo. Huzikusanya kwanza kwenye kumbukumbu, pakijaa ndipo humwaga, na kilichobaki mwishoni humwagwa pale mkondo unapofungwa. Ulipojaribu ulielekeza majibu kwenye skrini, ukayaona yote. Ulipoelekeza kwenye faili hukufunga mkondo, na kipande cha mwisho kikabaki hewani pamoja na zahanati tisa. Kila anayeandika programu amelifanya kosa hilo. Hata yule bwana aliyekucheka, nakuapia.

Kilichonichoma ni kwamba ulimpa milima yetu aicheke. Alikuja na dharau yake mkononi akitafuta pa kuiweka, nawe ukamvutia kiti. "Huku milimani mtandao unasumbua." Mtandao ulikuwa mzima, Eliza. Faili lilifika kama lilivyotoka. Na sasa yule bwana atamwambia mwenzake, na mwenzake atamwambia mwingine, na siku mtoto mwingine wa Usambara akiomba kazi pale watamuuliza kama kwao kuna umeme. Najua inavyokwenda kwa sababu nimeishi nayo. Sisi wenyewe ndio tunaowachongea fimbo, kisha tunalalamika tukipigwa. Na umejifunza kwangu. Hilo silikwepi.

Nikurudishe nyuma kidogo, nisije nikaonekana mtu aliyekaa tu na uongo wake. Nilizifuata zile nyimbo. Hukuwahi kujua nilikwenda wapi ule mwezi wa Agosti ulipobaki kwa shangazi yako. Nilianza na kabati la kanisa, nikayapata ya sauti ya kwanza, mchwa wameyala kingo lakini noti zinasomeka. Ya pili nilikuwa nayo. Mzee Kupaza alinipa ya besi nikayanakili kwake sebuleni. Kisha nikateremka mpaka Mombo, Korogwe, Muheza, nikapanda tena upande wa pili mpaka Bulwa kumtafuta Yeremia.

Madaftari yake yalikuwa yameoza kwenye nyumba ya wafanyakazi iliyovuja masika nzima. Alisema kwa aibu, mimi nikiwa na aibu kubwa kuliko yake. Kisha akasema, "Lakini ninazo kichwani, dada." Nikafungua simu nirekodi. Akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Akaniambia, "Sauti ya tatu haitoki peke yake. Mpaka nisikie besi chini yangu."

Basi nikaimba besi. Mimi, mama yako, katikati ya mistari ya chai, nikikoroma kama ng'ombe aliyekwama matopeni, na wachumaji wote wamesimama na vikapu mgongoni wananicheka. Mama mmoja alikaa chini kabisa. Lakini Yeremia akafumba macho na sauti ya tatu ikamtoka, safi, kama baba alivyomfundisha. Akikohoa katikati hawezi kuendelea alipoachia. Lazima turudi mwanzo wa wimbo. Nikakumbuka mikondo yangu. Nayo ni hivyohivyo, mkondo unausoma kwenda mbele tu, ukishapita umepita, na ukitaka tena huna budi kufungua upya kutoka mwanzo. Ukisahau hilo ukausoma mara mbili, mara ya pili utakuta pamekauka na utailaumu kompyuta. Tulikaa siku nne. Kati ya zile arobaini na tano alikumbuka thelathini na nne. Kumi na moja hazikurudi.

Wengi walinishauri nizijazie. Mwalimu wa sasa wa kwaya aliniambia, "Wewe ni binti yake, unajua mtindo wake, tunga tu." Nilikataa na nitaendelea kukataa. Nilichokifuta mimi siwezi kukiziba kwa kubuni halafu niandike jina la baba juu yake. Kwenye karatasi zetu, katika nyimbo hizo kumi na moja, mstari wa tatu nimeuacha mtupu. Umeziimba tangu utoto. Unajua tunavyofika pale, wanaume wa sauti ya tatu wananyamaza, na kanisa linasikika kama meza iliyokosa mguu. Na unajua watu wanavyofanya wakati ule. Wanainua macho kuangalia paa, kule radi ilikotoka.

Nimefanya kazi ya kugeuza mafaili miaka mingi tangu wakati ule, na sitakudanganya kwamba sikukosea tena. Niliwahi kuufunga mkondo ambao haukuwa wangu, nimepewa tu nisome, na programu ya mwenzangu ikaangukia pua kwa kuwa bado alikuwa anauhitaji. Alinisema mbele ya ofisi nzima, na haki yake. Tangu pale nilishika kwamba aliyefungua ndiye anayefunga. Niliwahi pia kulipakia faili zima kwenye kumbukumbu ya mashine ndogo mpaka ikaganda, na jamaa mmoja aliyekuja kutoka mjini akaniambia kompyuta yangu imechoka, niiache hiyo kazi. Sikuiacha. Nilikaa nikaandika programu upya, faili likapita kidogo kidogo, kipande kikisomwa, kikigeuzwa, kikitoka, kabla kinachofuata hakijaingia, na ile mashine iliyochoka ikalimaliza lote. Jamaa alikuwa bado anakunywa chai. Lakini lile la kwanza ndilo lililonifundisha kazi. Mpaka leo sigusi faili la asili. Naandika kwenye jina jipya kando, nafunga, nahesabu kilichoingia na kilichotoka, na ni pale tu hesabu zikikutana ndipo jipya linachukua nafasi ya la zamani. Bibi yako angenisema kwa kuchafua vyombo viwili. Anisamehe.

Asubuhi hii ulipokunja kona tu, nilivua aproni nikaenda kwa Mzee Kupaza. Nilimkuta barazani anatengeneza mpini. Nikamwamkia, akaniuliza safari ya binti ni lini, nikasema kesho. Kisha nikamwambia.

Nilisema yote bila kuzunguka. Hakuna radi, baba, nilifuta mimi, kwa uzembe, na nikakudanganya, na kwenye baraza nikanyamaza. Aliuweka mpini chini. Kisha akasema, "Miaka yote hii, kila mawingu yakitanda, nachomoa redio."

Nikasema, "Najua, baba."

"Nimekosa taarifa ya habari masika zote. Nachomoa na ya jirani."

Akainuka, akaanza kunisema kwa Kishambaa, lugha anayoihifadhi kwa hasira za kweli, na sitakuandikia alichosema maana baba yako ataisikia barua hii. Nilisimama wima nikasikiliza mpaka mwisho. Sikuomba nikae, wala sikulia ili anionee huruma. Alipochoka akarudi kwenye Kiswahili, akasema, "Jumapili, baada ya matangazo, utasimama useme mwenyewe. Mimi sitakusemea."

"Nitasema mwenyewe, baba."

"Na kompyuta za vijana?"

"Nitaziomba upya. Nitaandika barua mimi, na chumba nitafundisha mimi."

Akauliza, "Binti yako anajua?"

"Nakwenda kumwandikia sasa hivi."

Akaokota mpini wake. Sijui kama amenisamehe. Hakusema, nami sikumuuliza. Nilipofika kwenye njia nilimsikia anawasha redio kwa sauti kubwa, na kule juu ya kilima mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Kwa hiyo mwanangu, nenda. Jumatano uliniambia unakwenda kujaribu tu, ukishindwa utarudi kulima viazi na baba yako. Kulima viazi si kushindwa, na baba yako akikusikia atakukasirikia, lakini wewe hukusoma usiku na mchana kwenye mashine yangu mbovu ili uende mjini umeinama. Nenda umenyooka. Wakikuuliza unatoka wapi, taja Lushoto, taja na kijiji, taja na njia ya kufika, ili akipotea mtu ajue pa kuuliza. Wakicheka usiwasaidie kucheka.

Na huwezi kunyooka ukiwa na radi yangu mgongoni. Niitue mimi, nawe uitue. Ukishafika, kabla hujafungua begi zaidi ya huu mfuko, mwandikie yule bwana. Usiandike mengi wala usijieleze. Mwambie mtandao wa kwenu ulikuwa mzima, mkondo wa kutoa hukuufunga, umesahihisha, na hili hapa faili kamili, zahanati zote zimo. Anaweza kukunyang'anya hiyo kazi. Sina la kukuahidi juu ya hilo. Akikunyang'anya, rudi mchana kweupe, upite katikati ya kijiji, nami nitakupokea njiani. Lakini kama siku moja yale majaribio yatakuwa dawa za kweli, na zahanati ya mwisho kwenye orodha ni ya Mgwashi, ambako shangazi yako anakufungia magimbi wakati huu, nataka mtu aliyekaa kwenye ile meza awe ni yule anayesema mapema, "Ni mimi, nipeni saa moja nirekebishe."

Jumapili wewe utakuwa huko. Mimi nitakuwa nimesimama mstari wa pili, mahali pangu, na tutakuwa tumeshasikia matangazo, nami nimeshakiri. Nimemwomba mwalimu aweke mmoja wa zile nyimbo kumi na moja. Tutafika pale pa sauti ya tatu, wanaume watanyamaza kama kawaida, na kwa mara ya kwanza hakuna atakayeangalia paa. Wataniangalia mimi. Nami sitainamisha kichwa, Eliza. Nitaimba sauti yangu mpaka wimbo uishe.

Mama yako